Chumba cha Mbayuwayu: Kutoka Iringa hadi Ikombe

Jumatatu, Iringa

Kwenye begi nina karatasi za ramani, futi kamba na bahasha ya picha za misikiti ya Istanbul. Ramani ni za nyumba ya walimu itakayojengwa Uyole, Mbeya. Mwenye kazi amekubali ombi langu: upande wa mashariki, chini ya paa, tuache nafasi ukutani za kuweka vyumba vya udongo kwa ajili ya ndege. Vyumba vya namna hiyo haviuzwi dukani. Watakaovifinyanga ni Wakisi wa Ikombe, ziwani Nyasa, na ndiko ninakokwenda. Nimechagua njia ndefu ili nione jinsi ndege na watu wanavyogawana kuta katika nyanda hizi za juu.

Nimeanzia Makumbusho ya Boma. Jengo hilo lilijengwa na Wajerumani mwaka 1914 likiwa hospitali. Vitu vya Wahehe vilivyomo ndani vinastahili kutazamwa siku nzima, lakini leo nilibaki varandani, macho juu. Paa limetokeza mbele sana na mbao zake zinaonekana hadi mwisho. Shomoro wanaingia kwenye kila pengo kati ya mbao na ukuta, midomo imejaa manyasi. Waliolijenga hawakuwafikiria ndege, ila ujenzi wenyewe uliwaachia nafasi. Tembe za Wahehe nazo zilikuwa hivyo: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, mianya kila mahali. Nyumba za sasa tunaziziba zote, kwa fishabodi, jipsamu na dirisha la aluminiamu lenye wavu. Mimi mwenyewe huzichora hivyo, maana mbu na vumbi ni kero ya kweli. Lakini shomoro na mbayuwayu waliokaa nasi vizazi na vizazi hawajapangiwa pa kwenda, na kuwapangia ni kazi ya mchora ramani kama ilivyo kazi yake kupanga dirisha.

Baada ya adhuhuri nilikaa kwenye benchi la muuza kahawa karibu na soko kuu, pamoja na mzee aliyekuwa ametoka msikitini. Nilimwamkia, nikamtolea zile picha. Ya kwanza ni ya msikiti wa Ayazma huko Üsküdar, uliokamilishwa mnamo 1761, enzi za Sultani Mustafa III. Juu kabisa ukutani kuna vijumba vya mawe vyenye kuba, madirisha na minara midogo, vimechongwa kwa uangalifu uleule uliotumika kwenye msikiti wenyewe. Ya pili ni ya Yeni Valide, uliojengwa kati ya 1708 na 1710, nao una vijumba vya ndege vyenye umbo la msikiti mdogo. Waosmani, Waturuki wa enzi hizo, waliviweka pia kwenye madrasa, maktaba na madaraja, hata kwenye jengo la kugawia maji la Taksim la mwaka 1732. Vingine ni matundu yaliyochongwa ndani ya ukuta, vingine vimetokeza nje juu ya mawe ya kuvibeba. Kwa kawaida viliwekwa upande unaopata jua na usiopigwa na upepo mkali, juu kiasi ambacho paka hafiki.

Mzee aliishika picha ile muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, kisha akairudisha karibu. "Mwanangu," akasema, "mtu akipanda mti, ndege akala tunda lake, hiyo ni sadaka yake. Sasa huyu amempa ndege na nyumba." Akauliza kama nami nitaweka kuba kule Uyole. Nikamjibu kwamba kuba sina fundi wake, ila mambo matatu nimeyachukua kwa Waosmani: kimo, upande wa kuelekea, na kuanza kumpangia ndege wakati ukuta unajengwa. Kijumba kinachopigiliwa misumari baada ya nyumba kwisha huanguka au huoza. Kilichojengwa pamoja na ukuta hudumu umri wa ukuta.

Jioni, Kihesa, nilitazama banda la njiwa nyuma ya nyumba moja. Limesimama juu ya nguzo nne, na kila nguzo imevishwa bati laini katikati ili paka na panya wateleze. Mwenye banda, kijana wa kidato cha nne, amelitengeneza kwa mbao za maboksi na kuligawa vyumba kwa sababu, alisema, kila jozi ya njiwa inataka mlango wake. Nikachora lile bati kwenye daftari langu.

Jumanne, Njombe

Basi lilipita Mafinga na Makambako bila la kusimulia, ila misitu ya misonobari na mikaratusi. Njombe ilitupokea kwa ukungu na baridi ya kuvaa koti mchana.

Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia, mama wa Kibena mwenye sauti ya upole, alipoona nimeinua kichwa kutazama dari la baraza alidhani nakagua uchafu. "Kila mwaka nawabomolea," akasema, "na kila mwaka wanarudi." Palikuwa na mabaki ya kiota cha mbayuwayu, alama ya udongo yenye umbo la chupa iliyolazwa. Hawachukii, ila wageni wanalalamika kuhusu kinyesi mlangoni. Nikamwomba ubao. Tuliupachika chini ya pale walipojenga, umbali wa kama sentimita 25, upana wa kutosha kudaka kila kinachoanguka. Dawa ya tatizo hili ni hiyo tu, inajulikana duniani kote, na ni rahisi kuliko kubomoa. Akaniuliza kama ndege hawataogopa ubao. Nikamjibu kwamba wakisharudi na kukuta ukuta ni uleule, watajenga.

Alasiri nilikwenda kwa mkulima wa viazi ambaye njiwa wake wanaonekana kutoka barabarani. Banda lake liko juu ya zizi la mbuzi. Chini ametandika gunia na kila wiki anakusanya kinyesi, anakichanganya na samadi ya mbuzi, anakiacha kipoe kabla ya kukipeleka shamba. Aliniambia kwamba kikitiwa kibichi kinaunguza mche. Nilifurahi mno, kwa sababu anachofanya kwa gunia moja ndicho kilichojenga minara ya Isfahan. Kule Uajemi, karne ya 17, msafiri Mfaransa Jean Chardin alikadiria kwamba pembezoni mwa mji huo kulikuwa na minara ya njiwa zaidi ya 3,000. Ni minara ya mviringo ya matofali ya udongo, mirefu kupita nyumba, na ndani kuta zote zimejaa vishubaka kuanzia chini hadi juu. Njiwa hawakufugwa kwa nyama. Walifugwa kwa kinyesi, ambacho kilirutubisha mashamba ya matikiti, na watengeneza ngozi nao walikitaka. Nje ya mnara palipigwa mshipi wa plasta laini ili nyoka asipande. Ni bati lile la kijana wa Kihesa, limetengenezwa kwa chokaa.

Mkulima alinyamaza, akatazama banda lake, kisha akauliza swali la kitaalamu kuliko yote niliyoulizwa safari hii: "Ndani ya mnara walipandaje kukusanya?" Nikamweleza kwamba kinyesi kiliangukia chini na mlango ulifunguliwa kwa msimu. Akasema banda lake lijalo atalijenga kwa tofali.

Jumatano na Alhamisi, Makete na Kitulo

Nililala Makete. Alfajiri tulipanda Kitulo kwa gari la kukodi, nikiwa na mwongozaji wa kike anayeijua hifadhi hiyo kwa miguu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na watu wengi huja kwa ajili ya maua, hasa okidi za ardhini, ambazo mvua za Novemba ndiyo kwanza zinaziamsha. Mimi nilikuja kwa ajili ya mbayuwayu wa buluu.

Ndege huyu yuko katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini. Huzaliana katika nyasi za milimani kuanzia Afrika Kusini hadi hapa kwetu, na mvua zikiisha huhamia kaskazini, Uganda na magharibi mwa Kenya, kandokando ya Ziwa Viktoria. Hajengi kwenye nyumba ya mtu. Hushuka ndani ya ardhi, kwenye shimo la mnyama aitwaye muhanga au mahali udongo ulipotitia, na huko gizani hubandika bakuli la tope na nyasi ukutani mwa shimo.

Tulikaa mbali, juu ya kilima, kwa sababu mwongozaji hakutaka nisogelee mashimo. "Ukikanyaga ukingo, udongo unaangukia mayai," akasema, "na harufu yako inamwonyesha mnyama njia." Dume alipita chini yetu mara mbili, buluu ya chuma, mikia miwili myembamba ikimfuata nyuma, kisha akazama ardhini ghafla.

Nilimwambia shughuli iliyonileta. Akanisikiliza, kisha akaniambia waziwazi kwamba kwa huyu, chungu si jibu. Mahitaji yake ni nyasi zisizolimwa na muhanga anayechimba. Nimeliandika neno hilo kwa herufi kubwa, kwa sababu wapo wanaodhani kijumba kizuri kinaweza kulipia makazi yaliyoharibiwa. Kijumba kinamsaidia ndege ambaye kilichompungukia ni pa kutagia tu, huku chakula, maji na matope ya kujengea vikiwa bado vipo.

Kitulo kimenipa somo jingine, la udongo. Juni hadi Agosti usiku hapa huganda. Chungu kilichochomwa kwa moto wa wazi hunywa maji, na maji yaliyo ndani ya ukuta wake yakiganda hutanuka na kukipasua. Ndiyo maana wafinyanzi wa nchi za baridi huchoma vijumba vya ndege kwenye tanuri, hadi joto la nyuzi 1,200 au zaidi, udongo ukakomaa usinywe maji tena. Uyole si Kitulo, na chini ya paa chungu hakitaloa, kwa hiyo moto wa Wakisi utatosha. Lakini kama kazi hii itafika Makete siku moja, itabidi tuzungumze habari ya tanuri.

Tulishuka kwa barabara ya Kikondo hadi Isyonje, na mvua ikatukuta kabla ya Tukuyu.

Ijumaa, Tukuyu hadi Matema

Tukuyu mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Asubuhi ilipopungua nilikwenda kwa wachoma matofali nje ya mji. Tanuri lilikuwa limefunikwa kwa mabati, matofali mabichi yamepangwa chini ya majani ya migomba. Niliwaonyesha picha ya tofali lenye chumba ndani na tundu mbele, ambalo Waingereza hulijenga ukutani kwa ajili ya teleka, ndege anayefanana na mbayuwayu. Katika mji wa Brighton na Hove, tangu Aprili 2020, majengo mapya yenye kimo cha mita tano au zaidi yanatakiwa kuwa na tofali hilo. Sababu yao ni ileile ya kwetu: nyumba za zamani zilikuwa na mianya, zikakarabatiwa, mianya ikazibwa.

"Kwa hiyo huko wamewekea sheria ndege?" aliuliza mmoja, mikono yote tope.

Wameweka, nami naona wamefanya vyema. Tena jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Teleka wa Ulaya hutumia majira ya baridi ya kwao huku Afrika, na Novemba hii wanapita juu ya vichwa vyetu pamoja na mbayuwayu wa kule, wakila wadudu wetu. Ndege aliyetoka kwenye tofali la Brighton huenda kesho akawinda juu ya mpunga wa Kyela. Nyumba yake ya kuzalia ikikosekana kule, anapungua na huku.

Wachoma matofali walikataa wazo la tofali lenye chumba, na hoja yao ilikuwa ya haki: kwa kalibu ya mbao na udongo huu mzito, tofali lenye uwazi mkubwa hupasuka likikauka. Chumba na kifinyangwe, wakasema, tofali lijengwe kukizunguka. Nilikuwa nimelifikiria hilo, lakini kulisikia kwa watu wanaoujua udongo wao kulinipa uhakika.

Kutoka Tukuyu joto huongezeka kila unapoteremka. Baada ya Ipinda, kwenye bodaboda, nilimwomba kijana asimame. Juu ya mti mkubwa kando ya mashamba ya mpunga palikuwa na kiota cha fundichuma. Ni rundo la vijiti, nyasi na tope, upana wake unapita mita moja na nusu, limeezekwa juu, na mlango uko chini ubavuni, umesilibwa tope laini hadi ndani. Ndege mwenye ukubwa wa kuku mdogo hujenga hilo, yeye na mwenziwe, kwa wiki nyingi, na paa lake linaweza kumbeba mtu. Sehemu nyingi za Afrika ni mwiko kumgusa. Akikihama, kiota hakibaki tupu: bundi huingia, bata huingia, hata nyuki. Katika nyanda hizi, ukitaka mfano wa jengo linalowafaa wengi kuliko aliyelijenga, ndilo hilo. Kijana wa bodaboda alisema bibi yake alimkataza hata kuokota kijiti kilichodondoka chini yake, naye hajawahi kuokota.

Jumamosi, Lyulilo

Soko la vyungu la Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema, hufanyika ufukweni, na Jumamosi ndiyo siku yake. Mitumbwi ilianza kuingia jua lilipochomoza, ikiwa imejaa vyungu vilivyopangwa mdomo kwa kitako, manyasi katikati. Milima ya Livingstone inasimama moja kwa moja kutoka majini, kwa hiyo mtumbwi ndio lori la Ikombe. Wanawake ndio wanaofinyanga, na wanaume wengi husafirisha.

Vyungu vya Wakisi vinajulikana nchi nzima. Ni vyepesi, kuta zake nyembamba kupita unavyotarajia kwa chungu cha mkono, vimesuguliwa kwa kokoto hadi vikang'aa, vingine vimechorwa mistari ya weupe juu ya wekundu. Niligonga kimoja kwa kidole kusikiliza mlio. Mama aliyekuwa anauza akagonga cha pili, kisha cha tatu, akanipa cha tatu: huo ndio uliokuwa mlio mzuri.

"Mugonile, mama," nikamsalimu, na Kinyakyusa changu kikaishia hapo. Akacheka, tukaendelea kwa Kiswahili. Nilimfungulia michoro. Akaiweka juu ya goti, akaitazama kwa kuifunika nusu kwa kiganja, nusu moja kwanza na nusu nyingine baadaye. Swali lake la kwanza: "Ndege huyo analiwa?"

Ni swali zuri, na historia ya vyungu vya ndege inalijibu vibaya. Uholanzi, tangu karne ya 16, watu walitundika kwenye kuta vyungu vya udongo vyenye mgongo bapa na shingo ya kuingilia ndege. Mgongoni palikuwa na tundu la kupitisha mkono, ili mwenye nyumba atoe makinda na kuyapika. Misri nako minara ya njiwa hujengwa kwa vyungu vilivyolazwa ndani ya ukuta wa udongo, kila chungu kiota, na njiwa wake huishia mezani. Nilimweleza yote. Nikamwambia pia kwamba chungu kilekile cha Kiholanzi kilikuja kubadilishiwa kazi, watu wakaacha kula makinda, na tundu la mgongoni sasa ni la kusafishia. Chetu ni cha kukaa tu. Hakuna wa kuliwa.

"Basi njoo Ikombe Jumatatu," akasema. "Hapa ni pa kuuza."

Jumatatu, Ikombe

Tuliondoka na mtumbwi mapema kabla upepo haujaamka. Ikombe ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kila ua una udongo katika hatua fulani: uliolowekwa, uliokandwa, uliosimama, unaokauka kivulini.

Mama alikaa chini, miguu ameinyoosha, donge la udongo juu ya sahani anayoizungusha kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulifungua donge, ukavuta ukuta juu, ukaupunguza unene kwa kipande cha kibuyu. Akifika katikati aliacha, akahamia donge la pili, ili ukuta wa chini wa lile la kwanza ushike kabla ya kubeba uzito wa juu. Juu ya dirisha lake, chini ya makuti, jozi ya mbayuwayu walikuwa wakifanya hivyohivyo: vidonge vya tope kutoka ufukweni, mstari mmoja asubuhi, kisha wanauacha ukauke. Nilimwonyesha. Akasema ameshawaona, na kwamba wao wanachukua udongo pale pale watoto wanapouchukua.

Tulitengeneza maumbo mawili. La kwanza ni kwa ajili ya shomoro, ambaye anapenda shimo. Chungu chenye ukubwa wa mtungi mdogo, kitalazwa ndani ya ukuta, mdomo nje. Tundu la kuingilia liwe na kipenyo cha milimita 32: shomoro anapita, ndege wakubwa wanabaki nje. Udongo hunywea kwa karibu sehemu moja ya kumi kuanzia ubichi hadi kutoka motoni, kwa hiyo tulilikata kwa milimita 35. Kutoka tundu hadi sakafu ziachwe sentimita 12 au zaidi, makinda yasitoke kabla ya wakati na paka asiyafikie kwa mkono. Sakafuni vitobo vidogo vya kutolea maji. Hakuna kijiti cha kutua mbele ya mlango, maana shomoro hakihitaji, anayekihitaji ni adui yake.

Hapo mama aliingilia. Kwanza, ukingo wa juu wa tundu aliuvuta mbele kwa kidole gumba hadi ukawa kipaa kidogo, ili maji yanayoteremka ukutani yadondoke nje. Pili, alikataa kusugua ndani. Nje tunang'arisha, ndani alichora mikwaruzo kwa ncha ya kijiti, kuanzia sakafuni hadi mlangoni, ili kinda apate pa kushika kucha. Tatu, aliongeza unene wa ukuta karibu mara mbili ya vyungu vyake vya kawaida, akitia unga wa vigae vilivyosagwa kwenye udongo. Ukuta mnene hauruhusu joto la mchana kuingia haraka, na unga wa vigae huzuia nyufa wakati wa kukauka na kuchomwa.

Joto ndilo linaloua makinda, watu wasipofikiri. Afrika Kusini, kisiwani Dyer, pengwini walikosa pa kuchimba kwa sababu tabaka la kinyesi cha ndege lilichukuliwa miaka mingi iliyopita kuwa mbolea. Waliwekewa viota vya faibaglasi, vikawa na joto kupita kiasi. Baadaye wataalamu wakatengeneza vingine vya kuta mbili, kitambaa kilicholowekwa kwenye uji wa kauri, vikaigiza ubaridi wa shimo. Mama alitaka kujua pengwini anafananaje. Nilimchorea mchangani, naye akaita jirani zake waje waone ndege asiyeruka.

Umbo la pili ni la mbayuwayu. Yeye anajenga mwenyewe, anachokosa kwenye nyumba za plasta laini ni pa kushikiza tope. Kwa hiyo ni nusu bakuli lenye mgongo bapa, uso wake mkavu na wenye mikwaruzo, la kubandikwa chini kabisa ya paa. Akilipenda ataongeza kuta zake juu yake. Hatutalipaka rangi yoyote.

Nina neno kuhusu rangi. Nimeona picha za vijumba vya ndege vya kauri vinavyowekwa kwenye maonyesho siku hizi, vimepakwa rangi ya kioo inayometa, vina milango mikubwa ya duara na kijiti mbele, sakafu haina kitobo. Ni vizuri kutazama. Ndege akiingia humo mvua itamkuta ndani, na jua litamkaanga. Sitaki kuita kazi hiyo imekamilika. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake ziko katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, hujenga kwa mkono, husugua kwa subira na kuuacha moto utoe wekundu au weusi wenyewe. Uzuri wa vyungu vyake umetoka kwenye njia hiyohiyo ambayo akina mama wa Ikombe wanaijua, bila kufunika udongo kwa rangi ya kioo. Kijumba cha ndege kinaweza kufikia uzuri huo na bado kikakalika.

Mchana mama alichoma vyungu vya wiki iliyopita. Kuni chini, vyungu juu, manyasi yakafunika kila kitu, moto ukapanda na kushuka kabla hatujamaliza ugali na usipa. Vyetu vitakauka kivulini kwanza, polepole kwa sababu ya unene, ndipo viingie motoni. Tulikubaliana bei ya kila umbo, nikatoa nusu. Nilimpa maelezo ambayo fundi wa Uyole pia atayapata: chungu kiwekwe kozi moja juu ya lenta, kimo cha mita tatu au zaidi, tundu lizibwe kwa karatasi kabla ya plasta kupigwa na karatasi itolewe siku hiyohiyo, mgongo uwe na kifuniko kinachofunguka kutoka darini.

Bibi mmoja aliyekuwa akisikiliza tangu asubuhi akauliza habari ya nyoka. Nikamwonyesha mchoro wa bati la Kihesa na mshipi wa plasta wa Isfahan, na kumweleza kwamba ukuta chini ya matundu utapigwa plasta laini kwa upana wa mita moja. Hakuridhika. Alisema nyoka hushuka kutoka juu, kwenye miti. Kwa hiyo kwenye ramani nimeandika pia kwamba tawi lolote lililo karibu na paa upande wa mashariki likatwe, na mama amekubali kutengeneza vyungu vitatu vya ziada vyenye shingo ndefu ya kutokeza nje, kama bibi alivyoelekeza, tuone shomoro watachagua vipi.